Upepo wa Tairi la Nyuma

Mdogo wangu, dereva wa pikipiki, wanamwita Mizani, na jina hilo hakupewa bure. Mletee gunia, mletee kreti, mletee jenereta au mlango wa mbao, atauzunguka mzigo mara moja, atauinua upande mmoja kwa goti, atausukuma kwa kiganja kama anayemwamsha mtu, kisha atanigeukia: "Dada, nyuma thelathini na nane, mbele usiguse." Nami naweka. Hajawahi kukosea. Nasema hivyo, halafu najikumbuka, nanyamaza. Alikosea mara moja tu, na kosa hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, leo niliteme.

Mimi ndiye Mama Upepo. Ukitoka stendi ya pikipiki ukapita cherehani za mafundi nguo, utasikia kompresa yangu ya kujazia matairi kabla hujaiona. Imepauka, inanguruma, inatikisa sufuria za watu, na kuna siku inagoma kama mkwe aliyekosewa heshima. Kibanda ni mabati manne na benchi la ubao. Kompresa hiyo alinitafutia Mizani, wakati mume wangu alipoamua kuwa nyumba ya pili ina raha kuliko ya kwanza. Sikuwa najua hata valvu inafunguliwa upande gani. Mdogo wangu akachuchumaa pale chini na mimi, akanifundisha.

"Dada, upepo si kujaza tu," alisema. "Upepo ni kama chumvi. Mpishi hatii chumvi kabla hajaona sufuria."

Akanielekeza. Dereva peke yake, geji isome mbele ishirini na tano, nyuma ishirini na nane, na hapo pikipiki imetulia. Akipanda abiria, nyuma panda thelathini na mbili, thelathini na tatu, mpaka thelathini na sita kwa mtu mwenye mwili wake. Gunia la mkaa, mifuko ya saruji, nenda mpaka arobaini, lakini usipite kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, maana waliokiandika hawakuwa wanatania. Tairi likilegea chini ya mzigo mzito linachemka, linayumba, mwisho linapasuka. Na likijaa sana wakati mzigo ni mwepesi, linakuwa jiwe. Kila shimo linakupanda mpaka kwenye meno. Na pima asubuhi likiwa baridi, kwa sababu likitoka safari geji itakudanganya mchana kweupe.

Ndiyo maana kwangu hakuna anayeshika mpira wa upepo kabla hajajibu swali: umebeba nini? Vijana wananiona msumbufu. Wao wanataka tairi gumu kama rungu, eti linakula mafuta kidogo. Nawaambia, sawa, jaza, ukivunja kiuno cha mama wa watu usije kunililia hapa. Mizani alikuwa mkali kuliko mimi. Siku moja alimgeukia mama mmoja muuza nguo, mama mkubwa wa heshima zake, akaniambia mbele yake, "Huyu thelathini na nane." Yule mama alimrukia! "Wee! Nani kakuambia umri wangu?" Stendi nzima ilikufa kwa kicheko. Mizani hakuelewa kilichowachekesha mpaka jioni. Yeye alikuwa mtu wa namna hiyo, akili yake yote ilikuwa kwenye tairi.

Na mke wake alimpata kwa njia hiyohiyo.

Wifi yangu alikuwa mpishi wa shule. Alikuwa na mwili. Sisemi mnene, maana angenifuata kutoka huko aliko. Mikono yake ilikuwa inakoroga sufuria ambazo wewe na mimi tungeweza kuoga ndani yake. Siku ya kwanza alimsimamisha Mizani nje ya geti la shule, na Mizani badala ya kumpeleka anakokwenda, akamleta moja kwa moja kwangu aongezewe upepo. Wifi akakaa kwenye benchi langu, mkoba mapajani, akawa anatutazama.

"Kwa hiyo mimi ndiye mzigo?" akauliza.

Mwanamume mwenye akili angesema hapana, dada, barabara tu ni mbaya. Mdogo wangu akamtazama juu mpaka chini na kumjibu, "Thelathini na sita."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yule dada alicheka! Alicheka mpaka akashika mbavu. "Wengine wameniambia mimi ni ua, mimi ni malaika," akasema. "Huyu anasema mimi ni thelathini na sita. Angalau huyu hadanganyi." Kabla ya mwaka kuisha walikuwa mke na mume. Hawakujaliwa mtoto, na sikuwahi kumsikia hata mmoja akimlaumu mwenzake. Nyumba yao ilikuwa chumba na sebule, kelele za kutaniana kutwa. Mizani akiguna kwamba chakula kimechelewa, wifi anamjibu, "Ngoja, thelathini na sita haikimbii." Nilikuwa nawaonea wivu, kusema kweli, mimi niliyeachiwa kompresa.

Ugonjwa ulianza kama ugonjwa wa kila mtu, tumbo linauma, labda nimekula vibaya. Akanywa dawa za dukani. Akanywa za kuchemshwa. Akaambiwa vidonda vya tumbo. Kufika hospitali kubwa, ng'ambo ile ya mji, wakasema ni uvimbe, na uvimbe wenyewe ni saratani, mbona mmechelewa? Swali hilo hospitali wanalipenda sana. Wakasema kuna dawa ya kutundikiwa, kila Jumatano, na asikose hata Jumatano moja, kwa sababu akikosa uvimbe unarudi na hasira.

Gari la abiria alilijaribu mara moja. Joto, harufu, kusimama kila hatua. Alitapika mpaka kondakta akamtetea mbele ya abiria wengine. Teksi ya kila wiki ni ya watu wengine. Ikabaki pikipiki ya mume wake. Mizani akanunua sponji, akaishonea juu ya kiti, akaacha kazi zake zote za Jumatano. Asubuhi anakuja kwangu kwanza, peke yake, tairi bado baridi.

"Thelathini na sita," anasema.

Mwanzoni ilikuwa sawa. Lakini jamani, ugonjwa ule ulikuwa unakula. Pete ikaanza kumtoka, akaifunga uzi. Gauni la kazini likakunjwa kiunoni, likakunjwa tena. Wakipita mbele ya kibanda changu kwenda hospitali, mimi sitazami uso wa mtu, natazama tairi, ndiyo kazi yangu. Zamani wifi akikaa, tairi lilipanua ubavu kidogo na shokapu zikaguna. Sasa akikaa, tairi halina habari. Ni kama imeanikwa shuka pale nyuma.

Nikamwambia Mizani, "Punguza. Weka hata thelathini."

"Dada, wewe unajua uzito wa mke wangu kuliko mimi?"

"Najua tairi ninaloliona."

"Uliliona likitoka juani, lilikuwa moto. Geji ilikudanganya."

Ananifundisha somo langu mwenyewe! Jumatano iliyofuata nikamwekea thelathini na mbili bila kumwambia. Akatoa geji yake mfukoni, akapima, akaokota mpira kwa mkono wake na kurudisha thelathini na sita, kisha akaondoka bila kuniaga. Mganga hajigangi. Mtu aliyeweza kukuambia uzito wa gunia kwa kulitazama tu hakuweza kumtazama mke wake. Na unajua, hata akitaka asingemwona. Dereva anatangulia kukaa, anaishikilia pikipiki kwa miguu, ndipo abiria anapanda nyuma yake. Wifi alikuwa anapandia kwenye tofali, akijishika ukutani. Mizani alikuwa anatazama mbele.

Halafu wifi akagoma. Jumatano moja hakwenda. Ya pili hakwenda.

Mizani akaja kukaa kwenye benchi langu katikati ya siku ya kazi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mikono yake ilikuwa inahangaika, inashika ufunguo, inauacha. "Anasema dawa zimemchosha," akaniambia. "Anasema basi. Dada, daktari alisema asikose. Amekosa mbili. Akikosa tena, hawatamrudisha kwenye ile dawa. Nimembembeleza, nimepiga magoti. Ongea naye wewe, nyinyi mnaelewana."

Nilifunga kibanda mchana uleule. Nilimkuta wifi amejikunja kitandani, mto tumboni. Nikapaka mafuta viganjani nikaanza kumkanda mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa ngazi. Nikawa nahesabu mifupa kwa vidole, roho inanitoka.

"Wifi yangu mvivu," nikamtania, "umetoroka shule?"

"Nimefukuzwa," akasema, akacheka kidogo, kicheko kikamuuma. Kisha akasema, bila kugeuka, "Si dawa, wifi. Dawa nimeizoea. Ni njia."

"Njia?"

"Kila tuta ni kama mtu ananipiga nyundo humu ndani. Kila shimo. Tukifika kule mimi ni nusu mtu, na bado nawaza kurudi. Usiku ule silali. Siwezi tena, wifi. Siwezi."

Mikono yangu ilisimama palepale mgongoni mwake. Nilijua. Nilijua tairi lile limekuwa jiwe, na njia ile ya kwenda hospitali ina matuta mpaka mbele ya mlango wa wagonjwa, sijui aliyeyaweka alikuwa anamkomoa nani. "Umemwambia mume wako?"

"Nimwambie pikipiki yake ndiyo inayonivunja? Pikipiki ile ndiyo mikono yake aliyonishikia."

"Basi mwambie apunguze upepo! Ni jambo la dakika!"

Akageuka kunitazama. Macho yamekuwa makubwa usoni. "Alikuja siku ile amenuna, akaniambia umempunguzia. Wifi, akipunguza ni kwamba amekubali. Kwa kila mtu mimi nimekwisha. Wauguzi wananiona nimekwisha, majirani wananiona, wewe unaniona. Yeye tu ndiye bado ananiona thelathini na sita. Bora niache dawa."

Nilikasirika, jamani. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia mdogo wangu, nikaukasirikia ujinga huu wa mapenzi ambao watu wawili wanafichana ugonjwa mpaka unawamaliza. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na hawa walikuwa wanafichana kitu ambacho mtaa mzima unakiona! Nilitaka kumpiga, na nani atampiga mtu wa namna ile? Nikamfunika shuka, nikaenda kulilia njiani.

Jumatano asubuhi sikufungua kibanda. Nilikwenda kwao na geji mfukoni. Pikipiki ilikuwa uani, imesimama, sponji limefungwa. Mizani alikuwa mlangoni anambembeleza mke wake, na wifi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa, lakini anatikisa kichwa.

"Leo anakwenda," nikasema. "Lakini hapandi kwenye tofali. Wewe utampandisha."

"Anapanda mwenyewe siku zote," Mizani akasema.

"Leo hapandi mwenyewe. Ulinifundisha mwenyewe, mzigo hauwekewi upepo bila kuinuliwa. Sasa inua."

Nilimwona anavyobadilika. "Dada, mke wangu si gunia!"

"Ingekuwa bora angekuwa gunia! Ungekuwa umeshamwinua, ungekuwa umeshajua!"

"Wifi, acha," wifi akasema. "Nakuomba."

"Siachi. Mwinue."

Majirani walikuwa wameacha kufua. Mizani aliniangalia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, macho ya chuki, na mimi ndiye niliyemlea mama alipokufa. Kisha akaenda kwenye kiti. Akatanua miguu, akainama, akapitisha mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti. Akavuta pumzi kama anavyovuta akitaka kuinua jenereta. Akanyanyua.

Wifi akapaa. Mizani alikuwa ameweka nguvu za mtu mzima, na hapakuwa na mtu mzima wa kuzipokea. Aliyumba nyuma hatua nzima, mgongo ukagonga ukuta, kandambili ikamtoka. Akabaki pale, amembeba mke wake kifuani, mdomo wazi.

Wifi ndiye aliyeanza. Akamshika shavu. "Umeona, mume wangu," akasema. "Siku hizi hata baiskeli ingenitosha."

Mizani hakucheka. Wala hakumweka chini. Alimpima pale mikononi, kidogo juu, kidogo chini, polepole, jinsi anavyofanya mtu asiyeamini, na machozi yakamtoka mbele ya majirani na hakuyafuta. Nilijisikia mchawi. Nilijisikia nimemnyang'anya kitu ambacho hakuna wa kumrudishia. Baada ya muda akasema, "Dada, mshike." Nikampokea wifi. Alikuwa na joto la homa, na mwepesi kiasi kwamba niliogopa kumbana.

Mizani akachuchumaa kwenye tairi la nyuma. Akafungua kifuniko cha valvu, akabonyeza kwa ukucha. Ssss. Akapima. Ssss tena. Alichukua muda mrefu, akibonyeza tairi kwa dole gumba, akirudia.

"Ishirini na tisa," akasema, akafunga kifuniko.

Wakaenda. Nilibaki nimekaa kwenye kile kiti cha plastiki, na nitakuambia ukweli, nilikuwa na matumaini. Nilijiambia sasa atakwenda Jumatano hii na ile na nyingine, dawa itaingia, mwili utarudi, tutaongeza upepo kidogo kidogo mpaka atusumbue tena na vicheko vyake. Mtu ukiwa na matumaini unakuwa mjinga kwa furaha.

Walirudi mchana, mapema kuliko kawaida. Wifi alikuwa amelaza kichwa mgongoni mwa mume wake. Alipofungua macho aliniuliza, "Wifi, wametengeneza barabara? Sikusikia kitu. Nililala kama mtoto." Nikafurahi, nikapiga vigelegele hapohapo uani. Mizani hakunitazama. Alimbeba mpaka ndani, safari hii kwa nguvu zinazostahili, akamlaza, akatoka, akafunga mlango nyuma yake.

"Hawakumtundikia," akasema. "Wamempima, wamesema mwili hauwezi tena. Wametoa dawa ya maumivu. Wamesema tumtunze nyumbani."

"Nyumbani mpaka lini?"

"Sikuuliza hilo." Alikuwa anaongea na ukuta. "Nilimuuliza daktari, kama asingekosa zile mbili je? Akaniambia, usijiulize hilo, mzee. Dada, mbona daktari hakusema hapana? Angesema tu hapana, isingesaidia. Mbona hakusema?"

Nilimshika bega, akalitoa bega lake.

Dawa ya maumivu ilikuwa ya maji, ya chupa, na ilifanya kazi siku za mwanzo. Baadaye ikawa inamtuliza saa moja, nusu saa, kisha analia kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kupiga kelele. Hakulala mchana, hakulala usiku. Ndipo siku moja akasema, "Nilale kwenye pikipiki." Tulidhani ameanza kuweweseka. Akarudia. Mahali pa mwisho alipopata usingizi ni pale, mgongoni mwa mume wake, siku ile tairi lilipopunguzwa upepo.

Nilitoa mbeleko niliyobebea wanangu. Nikamfunga wifi kwa mume wake, mbeleko ikawazunguka wote wawili, fundo kifuani kwa Mizani. Wakaondoka mwendo wa mtu anayetembea. Kabla hawajafika kwenye kona, kichwa kilishainama, amelala. Nilikaa chini nikalia kwa furaha, furaha ile ya maskini, ambayo mtu akikusimulia huwezi kujua anafurahia nini.

Ikawa ndiyo kazi ya Mizani kila alasiri. Anazunguka ukuta wa shule, anapita sokoni nyuma, anatokea stendi, anapita kwangu, anarudi ukuta wa shule. Tatizo lilikuwa kusimama. Akizima injini tu, wifi anazinduka, na maumivu yanazinduka naye. Kwa hiyo Mizani hakuzima. Alizunguka mpaka mafuta yanakaribia kuisha, akiendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshika fundo. Hata wale vijana wa stendi wenye midomo mirefu walijifunza kumpisha bila kupiga honi. Asubuhi alikuwa akija kwangu kupima. Hatukuwa tunaongea sana tangu siku ile ya kumwinua, sidhani kama alinisamehe. Lakini upepo sasa alikuwa akisema mwenyewe. Asubuhi moja akasema, "Nyuma ishirini na nane," na wote wawili tunajua hiyo ni ya dereva peke yake. Nikaweka.

Alasiri ile jua lilikuwa kali na nilikuwa na wateja. Mara ya kwanza walipopita, wifi alifungua jicho moja akaninyooshea ulimi, kweli kabisa, ulimi! Nikamjibu kwa wangu. Mara ya pili alikuwa amelala. Mara ya tatu nilikuwa nimeinama kwenye tairi la mtu, nikasikia tu injini ikipita. Mara ya nne nikainua macho.

Mkono wake ulikuwa umetoka kwenye mbeleko. Ulikuwa unaning'inia ubavuni mwa pikipiki, unacheza kila gurudumu linapoteleza kwenye jiwe, na wifi hakuurudisha. Nilimtazama Mizani usoni. Alikuwa anatazama mbele, taya zimekazwa, macho hayapepesi. Akapita.

Nilijiambia labda ni usingizi mzito. Nikasubiri. Mteja ananiuliza mama vipi, namwona mdomo tu. Wakatokea tena kwenye kona ya mafundi nguo, mwendo uleule wa taratibu, mkono uleule unaning'inia, na mafundi wawili walikuwa wameshasimama, wameacha cherehani. Mizani alipita mbele yangu bila kugeuza shingo. Yeye anayepima mzigo kwa kuuegemea tu, mgongo wake ulikuwa umeshamwambia, na sijui ilikuwa tangu mzunguko gani.

Walipotokea mara nyingine nilitupa mpira wa upepo nikaingia katikati ya barabara, nikanyoosha mikono. Alifunga breki taratibu sana, tairi la mbele likanigusa mguu. Injini ilikuwa inaunguruma. Nikamshika wifi mkono ule. Nikauweka shavuni kwangu, kisha nikaushusha.

"Mdogo wangu," nikasema. "Inatosha."

"Tupishe, dada," akasema kwa sauti ndogo, bado anatazama mbele. "Tupishe tupite."

"Inatosha, baba. Teremka."

"Ikizima ataamka." Mkono wake ulikuwa umelikaza lile fundo mpaka vidole vimekuwa vyeupe. "Unajua anavyoteseka akiamka. Dada, nakuomba, usizime."

Watu wa stendi walikuwa wamesogea, wamevua kofia. Niliuzungusha ufunguo. Injini ikazima, na wifi yangu hakuamka.